Miezi Miwili ya Vidonge, Miezi Miwili ya Mzizi

Kipandauso changu hakikuwa cha kubembelezwa. Kilinishika siku nyingi kuliko zile kilizoniacha. Mwalimu mkuu wa shule yetu, katika kijiji cha ujamaa karibu na Puge, alinionya kwamba nikishindwa tena kumaliza kipindi, Darasa la Saba atampa mwingine. Watoto wale nilikuwa nao tangu darasa la tano. Nikaapa siwaachi.

Daktari wa Tabora mjini alinipa vidonge vya wagonjwa wa moyo. Alisema huzuia pia kipandauso, mradi nimeze kila siku, kichwa kiume kisiume, na nisivihukumu kabla ya miezi miwili. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe kinachouma ni moyo? Mume wako kakukosea nini?"

Kila siku ya maumivu nilichora mstari wa chaki nyuma ya mlango. Mwezi wa pili mistari ilipungua, nikafurahi sana. Ndipo nikamfuma mama mkwe akikoroga unga wa mzizi kwenye uji wangu. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwanzo! Niliumwaga uji wote. Hasira hasara, nilishinda na njaa.

"Sasa nitajuaje kilichonisaidia, mama?"

"Si umepata nafuu, mwanangu? Unatafuta nini tena?"

Nilitafuta ukweli, na mimi ni mbishi. Nikamwambia tuanze upya: miezi miwili vidonge peke yake, kisha miwili mzizi peke yake. Alikubali upesi, maana alijua atashinda.

Vidonge viliniachia mistari michache. Daktari akanielekeza namna ya kuviacha polepole, nikaanza mzizi. Niliunywa kwa uaminifu na uchungu wake wote. Wiki ya tatu kichwa kilinishika darasani, nikatapika mbele ya ubao, nikashindwa kusimama.

Nikiwa nimelala kwenye benchi ofisini, mwalimu mkuu alikwisha kumwita mwalimu mwingine. Mama mkwe akaingia, vumbi hadi magotini, vidonge vyangu amevifunga kwenye pindo la kanga. Sikuwahi kumsikia akikiri kosa, hata la chumvi kwenye mboga.

"Mwalimu, aliyemwangusha ni mimi," alisema. "Dawa yangu ndiyo iliyoshindwa. Usimnyang'anye watoto wake."

Nililia bila kuona haya. Mwalimu mkuu akamwambia yule mwalimu mwingine arudi darasani kwake.