Wa Kwanza Wote wa Kinama

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya ubishi. Mimi na wakufunzi wenzangu wa ualimu tulikuwa tumegawanyika: mtoto akisomewa nafasi yake darasani mbele ya wazazi, aibu humsukuma au humvunja moyo? Nikajigamba kwamba nitakusanya tafiti zote, hadi za nchi jirani, nizipange pamoja, nilete jibu moja. Mdomo uliponza kichwa, nikaambiwa nenda.

Asubuhi ya pili melini, milima ya Bujumbura ikatokea. Bandarini askari alipekua begi langu akakuta limejaa ripoti za utafiti tu.

"We unasoma hii yote?"

"Yote."

"Pole sana, mama."

Siku tatu nilikaa mtaa wa Mutanga Nord kwa Mama Zaina, mwalimu mkuu wa shule moja ya mtaa wa Kinama. Kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ile, tulifunga mlango mapema, tukatandaza ripoti mkekani. Rundo la kulia lilisema aibu inasaidia, la kushoto inaumiza, na yalilingana kabisa! Nilitamani kulia. Mama Zaina akaleta samaki aina ya mukeke, wa kukaanga, akatazama rundo la kulia.

"Hapa walipima batoto gani?"

"Waliokuwepo shuleni."

"Na wenye walibakia nyumbani? Kwetu, siku ya kutangaza matokeo, mutoto mwenye anajua atakuwa wa mwisho anabakia kwao. Bengine banaacha masomo kabisa."

Nikapekua upya. Kweli, kila ripoti ya kulia ilipima waliobaki shuleni tu. Aliyekimbia hakuulizwa na mtu. Niliona haya, mimi ninayefundisha walimu, lakini samaki sikumwacha.

Jumamosi, siku ya matokeo, tukaenda Kinama. Mwaka huo Mama Zaina alikuwa ameomba asisome nafasi, bali amtangaze kila mtoto kwa jambo aliloliweza. Inspekta wa shule, mzee mwenye miwani mizito, alimruhusu mara moja tu. Asiporidhika, mwakani wangerudia utaratibu wa zamani.

"Jacqueline! Sasa anajua kugawanya!" Mama Zaina akatangaza.

Bibi yake Jacqueline akaruka. "Wa kwanza! Mujukuu wangu ni wa kwanza!"

Mama mwingine, aliposikia mwanawe anasoma bila kidole, naye akapiga vigelegele vya mshindi. Wazazi wale walizoea kwamba anayesifiwa hadharani ni wa kwanza, basi kila mmoja akamshangilia wa kwanza wake. Fanta zikafunguliwa. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

"Madamu," Inspekta akauliza, "wa kwanza ni bangapi hapa?"

"Bote, Inspekta."

Hakucheka. Alichukua daftari la mahudhurio, akapita benchi kwa benchi akihesabu kwa kidole. Mama Zaina akanishika mkono kwa nguvu.

Inspekta akarudi, akavua miwani. "Kazi hii mi nimeianza na nywele nyeusi. Siku kama ya leo, sijaona benchi ya nyuma, ya ba mwisho, imejaa. Muendelee."

Mama Zaina alinikumbatia hadi kilemba changu kikaanguka. Furaha yake niliibeba melini kurudi.

Chuoni waliniuliza rundo gani limeshinda. Niliomba daftari la mahudhurio la shule yetu ya mazoezi, tukalifungua penye ukurasa wa siku ya matokeo. Tulihesabu wasiokuja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha.

Kesho yake tulitoka kwa miguu, pande zote mbili za ubishi, kwenda kuwabishia hodi watoto wale kwao.