Alama ya Mkaa kwenye Mayai

Miaka ile baada ya vita sikumwamini mtu, na jirani yangu ndiye niliyemshuku kuliko wote. Alikuwa amerudi kutoka kambi za wakimbizi Kongo na kitenge kimoja na ukimya mwingi. Tuliuza mayai ya kuku wa kienyeji pamoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kujaza kikapu peke yake. Tuliyapanga ndani ya pumba za mpunga wa Bugarama, nami nikayavusha mpaka hadi Bukavu, upande wa Kongo. Juu kabisa niliweka ya kuku wangu mmoja aliyenusurika na vita, makubwa kuliko yote. Niliyaringia sana.

Mteja wetu, mama mwenye mgahawa, hakununua kwa macho. Alichukua mawili matatu ya juu, akayavunja kwenye sahani. Siku moja ute ulitawanyika kama maji, kiini kikalala bapa. Akasema haya ni mayai yaliyokaa siku nyingi, akanirudisha na kikapu kizima.

Njia nzima nilichemka. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Mtu aliyezoea foleni za unga kambini atashindwaje kuyabadilisha ya juu na kuniwekea ya wiki mbili? Bombani niliwaambia wanawake wenzangu wajihadhari naye. Kikapu kilichofuata, niliyatumbukiza mayai yote majini. Yakazama yote, dalili kwamba ni mapya, lakini mimi hata maji sikuyaamini. Nikayatia ya jirani alama ndogo ya mkaa, bila kumwambia.

Kule Bukavu yule mama alivunja lenye mkaa. Ute ulikaa pamoja, kiini kikasimama. Akavunja moja kubwa lisilo na alama, likawa maji matupu. Akalibonyeza ganda kwa kidole, likavunjika bila ubishi.

“Hii yai ni mupya, maman,” akasema. “Kuku ndiyo mzee. Akizeeka, yai inakuwa kubwa, ganda inapunguka, ute inakuwa maji. Ni kuku ya nani?”

Nilijibu kwamba sijui. Nikakusanya pumba zangu.

Jioni nilikwenda kwa jirani nikamweleza yote, mkaa na maneno ya bombani pia. Nilimpelekea na yule kuku, miguu imefungwa, amchinje ale. Hakumpokea. Alikuwa anatazama vidole vyake.

“Kule mu kambi balikuwa banatupaka wino ku kidole, muntu asikule mara mbili,” akasema. “Ungeniuliza tu, maman.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba atasusa. Siku ya kuvuka alikuja mlangoni kama kawaida, akanisalimu, akaweka mayai yake chini. Kila moja alikuwa ameshalitia alama ya mkaa, kwa mkono wake mwenyewe.