Maji ya Siku ya Rais

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kitengo cha matangazo pale Mtwara alinikabidhi maiki na onyo. "Wewe fundi. Yanayosemwa hayakuhusu, kazi yako yasikike. Spika ikipiga mluzi mbele ya kiongozi, utarudi kwenu Mpapura ukapalilie mikorosho." Nikajifunza upesi: mluzi hutoka pale maiki inapoelekea spika ikasikia sauti yake yenyewe. Nyie vijana mnabonyeza simu tu, hamjui tulivyohangaika na betri za gari.

Nimewafungia mitambo wakuu wa wilaya, wakuu wa mikoa na mawaziri, hata makofi nikayajua. Makofi ya adabu ni mepesi, na hukatika kwa pamoja. Ndiyo waliyopigiwa wenye ahadi, kisha watu wanakung'uta kanga, wanarudi shambani. Siwalaumu hata kidogo.

Halafu akaja Rais kufungua bomba, kijiji kimoja upande wa Kitaya. Huko walikuwa wakichota maji Ruvuma, na mtoni mna mamba. Asubuhi niliona boza la maji likijaza tangi la bomba, maana pampu haikuwa imefika. Nilichukia, lakini nikaendelea kuvuta waya.

Rais akafungua, maji yakatoka, vigelegele! Akasema, "Mama mmoja atuambie neno." Maiki ikamfikia Bi Somoe, ambaye binti yake aliliwa na mamba akichota maji. Sasa aliyekuwa akienda mtoni ni mjukuu wake.

"Baba, usiondoke," alisema. "Lala kwetu. Maji haya yamekuja na wewe, ukiondoka nayo yanaondoka. Mjukuu wangu atarudi kwa mamba."

Mkuu wangu akapitisha kidole shingoni: kata! Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nikamwaza yule mtoto na ndoo yake. Sikukata.

"Fundi, huoni?" akaninong'oneza kwa hasira.

"Mkuu, si ulisema kazi yangu yasikike?"

Rais akavua miwani. "Pampu iko wapi?" Akaliona boza kando ya tangi. Akamgeukia Bi Somoe: "Mama, nimedanganywa, nami nimekuja kukudanganya bila kujua. Leo siahidi kitu. Ukiona maji, niamini. Usipoyaona, usiniamini."

Hakupigiwa makofi. Watu walimtazama tu, kisha wakaanza kusogea karibu.

Mimi nikahamishiwa stoo mpaka nastaafu. Sikununa sana, stoo nako kuna mshahara. Sasa niko Likombe, na vijana barazani kwangu husema viongozi wote waongo. Nawaelewa, wameahidiwa mengi. Ila nawaambia, imani hailetwi na spika. Ingekuwa hivyo, mimi ningeifunga kwa waya.

Nilipostaafu nilikwenda kumjulia hali Bi Somoe. Hapakuwa na bendera wala gari. Mjukuu wake, sasa mwanamwali, alikuwa akifua uani. Bi Somoe akanishika mkono hadi bombani, akafungulia, maji yakanilowesha miguu.

"Haya, tazama," akasema. "Na leo hatuna mgeni ila wewe."