Utepe Mweusi wa Kadi ya Nne

Watu wa Kiseke wakiniona njiani wanavuka upande wa pili, na siwalaumu, kosa ni langu na aibu ni yangu, ngoja niwasimulie mcheke yaishe.

Kikundi cha kuzikana cha mtaani kwetu kilitaka programu ya simu ya kutunza wanachama, na Mama akanisemea mbele za watu kwamba mwanawe amesomea mambo hayo (nimesomea, ndiyo, ila uvivu nimezaliwa nao). Nikatengeneza umbo moja la kadi, kila mwanachama akapata yake: jina na picha kadi inaletewa kutoka kwenye orodha ya wanachama, lakini hali, yaani yuko hai au amefariki, kadi inajitunzia yenyewe ndani. Sasa badala ya kuitambua kila kadi kwa namba ya mwanachama, nikaitambua kwa nafasi yake kwenye orodha, ya kwanza, ya pili, basi, nikaona inatosha.

Tulipomaliza matanga ya Mzee Masanja tukakaa uani kwa mwenyekiti, mchana kweupe, nikaunganisha simu na runinga. Mzee alikuwa wa nne. Nikabonyeza, kadi yake ikafungwa utepe mweusi, watu wakaguna kwa heshima.

"Haya, mtoe sasa apumzike," mwenyekiti akasema.

Nikamfuta. Jina likaondoka, picha ikaondoka, utepe ukabaki, na chini ya utepe akapanda kwenye nafasi ya nne yule wa tano, Mama Koku, anatabasamu, na mwenyewe amekaa mbele yangu na soda yake mkononi.

Hakuna aliyecheka. Upepo wa ziwani ulikuwa unapiga bati muda wote, ila ndipo nikausikia.

"Ni kahitilafu kadogo tu," nikasema, na kwa akili zangu nikamfuta Mama Koku ili nimwandike upya mwishoni, utepe ukabaki palepale, akapanda Mama yangu.

Soda ikamponyoka Mama Koku. Mwenyekiti akauliza taratibu, "Kijana, hicho kitu kinachagua?"

Niliogopa, jamani, mimi niliyekiandika mwenyewe! Nikanyoosha kidole nifute tena, Mama aliyekaa kando yangu akanidaka mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Usiniguse hapo. Niache."

Nyumbani nilirekebisha kwa dakika chache, kila kadi ikapewa namba ya mwenyewe, na nimeapa sitamtambua tena mtu kwa kiti alichokalia. Kikundi kimerudi kwenye daftari. Mama ndiye hajarudi sawa, kila asubuhi sijanywa hata chai ananipigia simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Angalia, nipo?"

Nafungua, namwambia upo.

"Na utepe?"

Hakuna, Mama.

"Angalia tena."