Kisu Kilichorudi Kinanukia Sabuni

Nina visu kumi na kimoja vya kukunja, na sikumbuki hata kimoja nilichokinunua kwa sababu nilikihitaji. Cha kwanza nilikipata Tura, treni iliposimama, kwa mchuuzi aliyekipitisha dirishani pamoja na karanga. Mpini wake wa mbao ulikuwa umepasuka, na hadi leo ukikikunja ovyo kinakuuma kidole. Kingine nilikitoa Nzega kwa mchimba dhahabu aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kubeba chuma tena. Vyote vinakaa kwenye bati la biskuti juu ya kabati, kila kimoja na kitambaa chake kilichopakwa mafuta ya cherehani. Mke wangu husema visu vyangu vinafunikwa vizuri kuliko watoto. Si kweli, ila si mbali sana na kweli.

Kinachotoka nyumbani kila siku ni kimoja tu. Kina mpini mweusi wa pembe, ubapa wenye urefu wa kidole cha kati, na ukishakifungua hakijikunji mpaka ukibonyeze. Pamoja nacho nabeba tochi ndogo, plaiza na kipande cha jiwe la kunolea, kwa sababu kazi yangu ni kununua asali na nta vijijini na kuzileta mjini Tabora, na njiani hakikosekani kitu cha kukatika, kulegea au kuziba. Ukiniona napapasa mfuko wa suruali kila baada ya dakika chache, usidhani nina fedha. Naangalia kama kisu kipo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Kwa miaka mingi wasiwasi wangu mkubwa kuhusu kisu hicho ulikuwa mikwaruzo. Nakinoa, nakipangusa, nakiviringisha, halafu siku moja nakifungua na kukuta ubapa una mistari myembamba kama umesuguliwa kwa mchanga. Nilimlaumu mke wangu. Karibu na bomba letu uani kuna kopo la rangi lililojaa udongo mkavu uliochekechwa, na niliamini anakisugua kisu changu humo pamoja na masufuria. Aliapa kwamba hajawahi kukigusa. Sikumwamini, tukanuniana siku mbili.

Tunaishi Mtendeni, nyumba moja na baba yangu. Baba si muuza nyama, lakini ndiye mchinjaji wa mtaa: ikiwa akika, hitima au Idi, wanamwita yeye. Mtu akisikia mbuzi amechinjwa na mzee wetu, anakula bila kuuliza swali la pili. Zamani alikuwa na kisu chake kikubwa, ila tangu kiganja chake kilipoanza kulegea anapenda changu. Hukichukua mwenyewe kwenye bati bila kuniomba. Ni baba, aombe nini?

Sasa, Jumatano moja nilikuwa Ulyankulu kwa rafiki yangu mfuga nyuki. Wazazi wake walitoka Burundi wakapewa mashamba huko, ni Wakatoliki wa kusali kila Jumapili, na nimenunua asali kwake miaka tisa. Nilikuwa nachuja asali kwenye ndoo aliposema, "Ndugu yangu, niachie kile kisu chako dakika mbili."

Nilikiweka juu ya kigoda. Nyumbani kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono; unakiweka chini na mwenzako anakiokota, msije mkagombana. Yeye anajua desturi hiyo, akasubiri hadi nilipotoa mkono wangu. Akakichukua, akazunguka nyuma ya nyumba.

Dakika mbili zilikuwa nusu saa. Aliporudi alikiweka pale pale kigodani, kimekunjwa. Nilikiokota, na kilikuwa na maji kwenye kiungo. Nikakinusa kwa siri. Kilinukia sabuni.

Miaka tisa nilichokuwa nikiona ni yeye kukipangusa kwenye suruali anaponirudishia, wala sikuwahi kukinusa. Mbona leo kimeoshwa? Na nyuma ya nyumba kulikuwa kunakaangwa nyama, harufu ilishafika pale tulipo. Na nyuma ya nyumba hiyo hiyo kuna banda la nguruwe, nimewasikia mara nyingi. Nilitaka kuuliza. Niliogopa jibu, na zaidi niliogopa sura yake atakapoona namuuliza. Nikafunga vifuniko vya ndoo, nikaaga.

Njia nzima mkono wangu haukwenda mfukoni. Nilisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo kama wenzangu wote, lakini niliyoyakumbuka ni yale ya kutisha tu: kilichoguswa na mnyama huyo kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilifika nimechoka. Nikajiambia nitaosha kesho. Halafu mikono yangu, kwa mazoea, ikakiviringisha kisu kwenye kitambaa na kukirudisha kwenye bati.

Kesho haikuwa na nafasi. Binti yetu wa tatu alikuwa na siku tano duniani, na Jumamosi, siku ya saba, ilikuwa akika yake. Nilihangaika na mchele, na kuni, na mahema ya kuazima. Jumamosi asubuhi nilitumwa nyumba ya tatu kuchukua masufuria makubwa. Nilikuwa naburuta la pili uani nilipomwona mbuzi ameshaning'inizwa na vijana wanamchuna. Kwenye jiwe karibu na bomba kililala kisu changu, kimekunjwa, kimelowa.

Nikaliachia sufuria. Baba alikuwa ananawa mikono. "Kisu chako leo kimekwenda vizuri," akasema. Nikaitikia, "Alhamdulillahi," kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

Nifanye nini? Nikisema, sinia zitasimama. Watu wataondoka kwa adabu, na kuanzia siku hiyo kila baba akiitwa kuchinja kutakuwa na mtu atakayekumbuka kisu kilichopita kwenye nguruwe. Jina alilolijenga miaka arobaini ningelimwaga kwa sentensi moja. Nikinyamaza, nitakuwa nimewalisha majirani kitu nisichokijua, kwenye akika ya mtoto wangu mwenyewe. Niliingia chumba cha stoo nikampigia simu rafiki yangu.

"Ndugu yangu! Mtoto mzima?" Alifurahi kweli. Nilisikia watoto wake wakicheka nyuma yake. Nikamuuliza kama mvua imenyesha. Akasema imenyesha. Nikamshukuru kwa mvua kama vile yeye ndiye aliyeileta, nikakata simu.

Chakula kilipoletwa nilikaa na wazee, nikafukia nyama chini ya wali kama mtoto asiyependa mboga. Kila aliyemeza nilimeza naye, mate matupu. Jirani mmoja alisifu nyama ilivyo laini, nikatamani anyamaze. Mtoto alinyolewa, akatajwa jina, akalia, watu wakamwombea dua. Mimi niliitikia amina nikiwa natazama jiwe la pale bombani.

Wageni walipoisha, alasiri, baba alikaa barazani akifungua vifungo vya kanzu. Mkewe, mama yangu, ni marehemu, na siku kama hizo hupenda kukaa peke yake kidogo. Nilikaa karibu naye hata hivyo. Nisingeweza kulala na jambo lile.

"Baba, kile kisu Jumatano kilikuwa Ulyankulu."

"Najua. Kila Jumatano huwa kinakwenda."

"Rafiki yangu alikiazima. Huenda..."

"Huenda alikatia kitimoto," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya chumvi. "Na huenda alikatia kitunguu. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Na mimi sijui."

Akainuka, akaelekea bombani, nami nyuma yake. Akaliinua lile kopo la udongo, akanionyesha. "Unadhani hili ni la nani?"

Nilisema la masufuria ya mke wangu. Akacheka, akachovya vidole ndani, akasugua udongo kwenye kiganja chake mwenyewe. "Tangu ulipoanza kwenda kwa yule bwana sijachinja hata kuku kwa kisu chako kabla ya kukiosha. Mara saba, ya kwanza kwa udongo. Leo pia."

Miaka tisa. Ile mistari myembamba yote. Nilijisikia mwepesi hadi nikataka kukaa chini, halafu aibu ikanishika, kwa sababu ya mke wangu na kwa sababu ya rafiki yangu.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia ungeacha kumwazima. Au ungekwenda kumuuliza." Alirudisha kopo mahali pake. "Mtu anajua wewe ni nani, anakuoshea kisu kwa sabuni ndipo akurudishie. Unamuuliza nini?"

Sikuwa nimemwambia habari ya sabuni. Alikuwa ameinusa mwenyewe, kila mara, miaka mingi kabla yangu. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa sijanusa.

Nilikwenda kumwomba radhi mke wangu, aliyekuwa amejilaza na mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho. "Siku mbili ulininunia," akasema, "kwa udongo wa baba yako." Akanifukuza chumbani, ila alikuwa anacheka. Nikala wali wangu uliopoa, na nyama yote iliyokuwa chini yake, nikiwa nimesimama jikoni.

Baba alikuwa bado bombani nilipotoka. Alikuwa amekishika kisu kwa mikono miwili. "Siku hizi nasahau hesabu," akasema bila kunitazama. "Nikisahau naanza upya. Leo nimeanza mara tatu." Akakiweka kisu juu ya jiwe, akatoa mkono wake. Nikakiokota.

Jumatano iliyofuata rafiki yangu aliniomba kisu tena, nami nikakiweka kigodani. Kilirudi kinanukia sabuni. Nikamwambia ahsante, na safari hii nilimaanisha. Nilipofika nyumbani sikungoja kesho. Nilichota udongo kwenye kopo, nikaupaka kwenye ubapa, nikausikia ukikwaruza. Mara ya tano nilitazama barazani kama baba ananiangalia, na niliporudisha macho sikujua tena kama ni ya tano au ya sita. Nikaanza upya.