Kanda ya Siku Jua Lilipopatwa

Kituoni walimwita Mama Kanda. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akitunza stoo ya kanda za televisheni, chumba kirefu cha chini kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma mpaka darini na ubaridi wa kuingia mifupani. Kila jambo kubwa lililowahi kuikusanya nchi mbele ya televisheni lilikuwa mle, limeandikwa kwa mkono wake: mazishi ya kitaifa, siku za kuhesabu kura, fainali za mpira.

Mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, alikuwa ghorofa ya tatu, kwenye mataa ya studio. Watu walimwita Asali kwa ajili ya sauti. Likitokea jambo zito na matangazo ya kawaida yakakatizwa, ni Asali aliyetokea kwenye kioo, na majirani wakaitana madirishani.

Hapo ndipo mwiba ulipokaa. Siku ya usaili wa watangazaji, aliyeomba kazi alikuwa Mama Kanda. Asali alimsindikiza tu, akimbebea viatu vizuri visichafuke njiani. Mkuu wa vipindi akasema, "Na wewe binti mwenye viatu, hebu soma kidogo." Akasoma. Basi aliyeomba akapewa stoo, na aliyebeba viatu akapewa nchi nzima.

Mama Kanda alikuwa mtu wa sala. Kila jioni alimwomba Mungu amtoe donge hilo, na kila asubuhi aliamka nalo.

Mwaka kituo kilipotimiza miaka arobaini, iliamuliwa kiandaliwe kipindi maalumu cha kusimulia vipindi maalumu vyote vilivyopita. Mtayarishaji alishuka stoo na orodha yake.

"Mama Kanda, hii ya kupatwa kwa jua ndiyo moyo wa kipindi," alisema. "Picha zilikatika, Asali akabaki na sauti tu, saa nzima anaituliza nchi mpaka jua likarudi! Nitaiweka mwisho. Asali atalia, watazamaji watalia, tufunge."

"Ilifutwa," alisema Mama Kanda.

Neno lilimtoka lenyewe, na lilikuwa rahisi kuaminika. Zamani kanda zilikuwa haba. Kipindi kilirushwa, kikasifiwa, kisha ikaja amri kanda ifutwe irekodiwe kingine. Hata ufunguzi wa kituo chenyewe ulifutwa ukapisha mashindano ya ngumi. Lakini ya jua haikufutwa. Ilikuwa rafu ya nne, hatua tatu kutoka pale mtayarishaji aliposimama.

"Aa, zile amri za kale!" mtayarishaji alisikitika. "Si kosa lako, mama yangu."

Kwenye kikao cha maandalizi, fundi wa sauti hakuridhika. "Labda haijatafutwa vizuri. Stoo ile hata panya huingia na ramani."

Watu wakacheka. Asali akasimama.

"Fundi, shika adabu yako. Dada yangu akisema imefutwa, imefutwa. Tangu tuko wadogo sijamsikia akisema uongo. Naapa mbele yenu."

Mama Kanda aliinamia meza. Sifa ile ilimuuma kuliko tusi. Kwa siku tatu alipiga magoti na sala haikupanda, kila alipofungua kinywa alisikia tu, "Naapa mbele yenu."

Siku ya nne aliichukua kanda, akapanda ngazi mpaka chumba cha kujipamba. Asali alikuwa peke yake mbele ya kioo, upande mmoja wa uso umepakwa poda.

"Haikufutwa," alisema Mama Kanda. "Nilikunyima kwa wivu."

Asali aliitazama kanda, akamtazama yeye. "Nimekuapia mbele za watu, dada."

"Najua."

"Wivu wa nini, na mvi zote hizo?"

"Wa kila kitu, mdogo wangu. Mpaka na hiyo poda."

Kabla Asali hajajibu, mlango ulifunguliwa na mtayarishaji akaingia. Macho yakamtoka. "Hiyo si ya jua? Imetoka wapi?"

Asali alitabasamu lile tabasamu la kwenye televisheni. "Dada hakukata tamaa. Kapekua rafu moja moja, siku tatu nzima."

"Mama Kanda! Nikupe nini mimi!" Mtayarishaji alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Loo, donge liliwaka kuliko siku zote! Sauti kachukua, nchi kachukua, leo anataka na wema awe nao peke yake? Mama Kanda aliuchomoa mkono wake.

"Sikupekua kitu, mwanangu. Nilijua ilipo tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya kwa sababu namwonea wivu huyu. Kawaambie na wale wa kikao, na fundi wa sauti mwambie namwomba radhi."

Mtayarishaji alitazama dari, akatazama viatu vyake, akaichukua kanda na kutoka kama mtu aliyekosea nyumba.

"Dada nawe!" Asali alishika kiuno. "Nakuopoa majini, unajitosa tena?"

"Nimechoka kuopolewa na wewe. Geuka huku, shavu hili halijapakwa."

Akachukua poda, akampaka mdogo wake, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.