Mgeni Aliyekubali Karibu ya Damasi

Sifa ziwe kwa Mungu Baba, anayetupa pumzi kila asubuhi bila kutuuliza ya jana tuliitumia vipi. Amenipa uzee, amenipa macho ambayo bado yanaweza kusoma Injili kando ya dirisha, amenipa watu wa kunisikiliza. Namshukuru kwa yote, hata kwa hili ninalotaka kukusimulia, ingawa mpaka leo sijaelewa kwa nini aliliruhusu.

Jambo hili lilitokea. Sitaapa, kwa sababu Bwana wetu alitukataza kuapa, akatutaka ndiyo yetu iwe ndiyo. Basi ndiyo yangu ni ndiyo. Nilikuwepo, nilikuwa na akili zangu, sikuwa nimeonja pombe, na jua lilikuwa linawaka. Wengi hudhani mambo ya namna hii hungoja usiku. Hayangoji, niamini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya misioni hapa Uvira, kando ya ziwa. Rafiki yangu Damasi alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Alikuwa mrefu, mwenye maneno matamu, na hakuna aliyepita mbele ya nyumba yao pale Nyamianda bila kuambiwa karibu. Baada ya Pasaka angefunga ndoa na Veronika, binti wa wafugaji wa Rurambo, kule milimani. Rafiki yetu wa tatu alikuwa Gaspari, fundi wa baiskeli kule Songo. Sote watatu tulikuwa na baiskeli, yaani kinga, kama tunavyoziita sisi.

Damasi alikuwa amewaona Wazungu wakitembea kwa baiskeli Jumapili, bila mzigo, bila ujumbe wowote, kisha wakirudi pale pale walipotokea. Akataka na sisi tufanye hivyo mara moja kabla hajaoa. Kwa mama yake lilikuwa jambo la kushangaza.

"Munaenda wapi?" alituuliza.

"Hatuendi mahali, mama," Damasi akasema. "Tunazunguka tu."

"Munazunguka mukitafuta nini?"

"Upepo."

"Upepo iko hapa ku mulango," mama akasema, "na hauharibu mupira ya kinga."

Tukacheka sana. Ilikuwa Jumamosi, jua limeanza kuelekea milimani, na sisi tulikuwa tumechuchumaa uani tukichora njia yetu mavumbini kwa kijiti. Tungetoka baada ya Misa ya kwanza. Tungefuata barabara kubwa kuelekea kaskazini, tuvuke mto Kavimvira, twende mpaka Kiliba. Pale tungepumzika, halafu tushuke katikati ya mashamba ya pamba mpaka ziwani, turudi nyumbani kwa njia ya ufukweni. Gaspari aliweka kokoto mahali pa kupumzikia. Mimi nilitaka tuanze na ufukwe asubuhi, mchanga ukiwa bado baridi. Damasi alitaka tumalizie huko, ili upepo wa ziwa utupooze wakati wa uchovu. Tulibishana kama watu wanaopanga safari ya Roma.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Mvua zilikuwa nyingi. Je, pale mto Kavimvira unapoingia ziwani, mtu na baiskeli yake wangeweza kuvuka?

Ndipo mtu mmoja akabisha hodi.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, suruali imekunjwa mpaka magotini kama ya mtu aliyetoka kuvuka maji. Mikononi hakuwa na kitu. Alitusalimu kwa upole, akautazama mchoro wetu, akasema, "Muto mumeusahau."

Akachuchumaa. Akauchora mto kwa kidole, kona moja baada ya nyingine, akafika mwisho wake. "Hapa mutapita," akasema. "Hapa penye matete yamelala. Chini iko ngumu. Hata muntu mwenye mizigo anapita."

Tulimshukuru. Maarifa ya njia ni zawadi, na yeye alitoa bila kuombwa. Ila nilitazama ule mstari alioacha. Mistari yetu ilikuwa mavumbi makavu. Wa kwake ulikuwa tope, na haukukauka, ingawa jua lilikuwa bado linaupiga.

"Baba, weye iko wa wapi?" Gaspari akamuuliza.

"Wa palepale pa muto."

Mama yake Damasi akatuletea bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, akamwambia mgeni, "Karibu, baba."

"Aksanti, mama. Minye sikulake."

Ulisikia jibu hilo? Kwetu mtu husema nimeshiba, nimetoka kula, siku nyingine. Hasemi kwamba yeye si mtu wa kula. Tulilisikia, tukaliacha lipite, kwa kuwa si adabu kumhoji mgeni.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, hasa wewe kijana uliyekulia mbali. Sisi tunakaribisha kila mtu katika kila kitu. Ukinikuta nakula, nakukaribisha, hata kama sahani ina tonge moja. Ukinikuta nasafiri, nakwambia twende wote. Aliyekaribishwa naye anajua wajibu wake: anashukuru, anakataa kwa upole, na kila mmoja anabaki na heshima yake. Ndivyo tulivyolelewa, wala sioni ubaya ndani yake.

Basi Damasi, kwa kuona mgeni amekataa chakula, akatafuta neno zuri la kumuaga. Akasema, "Basi kesho karibu, baba. Tutaenda wote. Minye nitakubeba."

Yule mtu aliinuka. Akamtazama Damasi kwa muda.

"Umesema?"

"Nimesema," Damasi akajibu, akitabasamu.

"Basi nimekubali. Utanikuta ku muto."

Akatoka. Gaspari alikuwa wa kwanza kusema.

"Damasi, umealika nani?"

"Nilisema tu. Kwani weye ungesema nini? Ungemufukuza?"

"Angejibu siku ingine, kama batu bote."

"Labda ni mushamba."

"Mushamba wa wapi? Angalia pale aliposimama."

Tukaangalia. Palikuwa na alama mbili za miguu zilizojaa maji, kama zinavyojaa unapokanyaga karibu na ziwa. Ua wa mama Damasi ulikuwa mkavu na mgumu, unafagiliwa kila siku. Maji yalitoka wapi?

Nilimshauri Damasi amfuate na kumwambia wazi kwamba safari imevunjika. Akakataa. Alisema mtu hamkaribishi mgeni kisha akamkimbilia njiani kumnyang'anya karibu yake. Tulipombana sana, alikubali neno moja: tusirudi kwa njia ya ufukweni. Twende Kiliba kwa barabara, turudi kwa barabara, na mdomo wa mto tusiukaribie kabisa. Akaufuta mchoro kwa mguu. Tukalala tukiwa na amani, tukidhani tumelimaliza.

Hatukufikiri, sisi watu watatu tuliosoma, kwamba barabara nayo inavuka mto uleule.

Asubuhi tulipovuka daraja, wanawake walikuwa wakifua na watoto wakioga. Hakukuwa na mgeni. Gaspari akashusha pumzi, Damasi akamcheka, akamwita bibi kizee. Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile, maana ilikuwa nzuri kweli. Barabara ilikuwa imeshikana kwa mvua, milima imeoshwa, pamba pande zote. Damasi aliendesha bila kushika usukani, mikono kiunoni. Kiliba tulikula ndizi, tukalala kidogo kivulini. Aliniambia angemleta Veronika hapo baada ya arusi, akikaa nyuma ya baiskeli, kama atakubali kushuka kutoka kwenye milima yao yenye baridi.

Tulirudi mchana, jua likiwa kali. Tulipokaribia daraja, wanawake walikuwa wamekwenda. Yule mtu alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Shati lilelile, suruali imekunjwa vilevile.

Damasi alikuwa mbele, mimi nyuma yake, Gaspari wa mwisho. "Usisimame," nikamwambia. Hakusimama. Alitazama mbele, akapita. Nami nikapita. Yule mtu hakutusalimu wala hakusogea.

Halafu, mbele ya macho yangu, gurudumu la nyuma la Damasi likabonyea. Kila mwenye baiskeli anajua jinsi mpira unavyobonyea mtu anapokaa nyuma. Chuma cha kubebea mizigo kikalia. Juu yake hapakuwa na kitu. Niligeuka kutazama nyuma. Ukingoni mwa barabara hapakuwa na mtu tena.

"Mwalimu," Damasi akasema bila kugeuza kichwa, "angalia nyuma yangu."

"Hakuna muntu."

"Iko. Iko na mikono ku kiuno yangu. Iko baridi."

Nikasogea sambamba naye, nikaona. Pande zote mbili za kiuno, shati lake lilikuwa limebanwa kwa ndani, kama linavyobanwa na mikono ya mtu anayeogopa kuanguka, na pale palikuwa pamelowa. Nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Gaspari akapita upande wa pili, akamshika mkono.

"Shuka, Damasi. Ruka, tupa kinga."

"Nilisema nitamubeba," Damasi akasema. Alikuwa akihema kama anayepanda kwenda Rurambo, na barabara ilikuwa tambarare. "Akifika kwake atashuka."

"Kwake ni wapi?"

Sidhani kama alikuwa na nguvu za kukataa, lakini pia niamini, uso wake ulikuwa na haya. Aliona haya kumwangusha mgeni. Akamponyoka Gaspari, akakata kushoto, akaingia katika kijia cha kwenda ziwani, na kijia kile kilikuwa na kona zilezile zilizochorwa uani kwa kidole.

Tulimfuata. Mchanga ulitushika, tukaanguka, tukaacha baiskeli, tukakimbia kwa miguu. Alama ya matairi yake ilikuwa mbele yetu, nayo ilikuwa ya kina, kama ya baiskeli iliyobeba watu wawili wazito. Tulimwita kwa jina lake la ubatizo. Mara moja aliitika kutoka katikati ya matete, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ninakuya." Ninakuja: hilo ndilo neno lake la mwisho.

Pale penye matete yaliyolala tuliikuta baiskeli. Ilikuwa imesimama wima ndani ya maji, bila kushikwa, na gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka taratibu. Damasi hakuwepo. Tuliingia mpaka kifuani, tukapapasa, tukapiga kelele mpaka wavuvi wakaja na mitumbwi yao. Chini palikuwa pagumu, kama tulivyoambiwa.

Mwili uliletwa na ziwa baadaye, siku nyingine. Wakubwa walisema ni kiboko, au jua limempiga akaanguka. Lakini hakuwa na jeraha hata moja. Na suruali yake, ambayo asubuhi ilikuwa imenyooshwa kwa pasi na mama yake, ilikuwa imekunjwa vizuri mpaka magotini, pande zote sawasawa.

Nilimweleza padri kila kitu. Hakucheka. Alisema tumwombee marehemu, na tusiwaeleze watu zaidi ya tulivyoona. Ndivyo ninavyofanya hapa. Veronika alishuka siku ya mazishi pamoja na baba yake, akapanda tena mlima, nasi hatukumwona tena. Mama yake Damasi aliishi miaka mingi. Tangu siku ile alikula amefunga mlango, na hakumwambia mtu yeyote karibu. Kwetu hakuna jambo la kusikitisha zaidi ya hilo, mama wa watu kula peke yake gizani mchana.

Mimi nilikuwa na darasa la sala la kufundisha ng'ambo ya mto, kwa hiyo daraja lile sikuweza kulikwepa. Nilikuwa nikishuka na kuisukuma baiskeli, kichwa chini, Rozari mkononi. Mwaka uleule, kabla ya Noeli, nikiwa katikati ya daraja mchana kweupe, nilisikia nyuma yangu sauti ninayoijua kuliko ya ndugu yangu. Ilikuwa na mzaha wake, kama zamani.

"Mwalimu, nyuma iko nafasi?"

Sikugeuka. Sikuitika. Nilimwombea pumziko la milele, neno baada ya neno, mpaka nikafika upande wa pili. Unadhani ilikuwa rahisi? Nilimpenda Damasi. Kama angeuliza mara ya pili, sijui ningejibu nini.

Jioni ileile nilikwenda kwa Gaspari, nikamwomba akifungue kile chuma cha nyuma. Hakuniuliza sababu. Baiskeli zote nilizomiliki baada ya hapo hazikuwa na mahali pa kubeba mtu. Mke wangu alikwenda kujifungua kwa miguu, nikimshika mkono, na wanangu walitembea kwenda shule huku baba za wenzao wakiwabeba.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unapanga kutembea na rafiki zako Jumapili, panga vizuri, na useme Mungu akipenda. Karibisha watu, usiache kuwakaribisha. Lakini umkaribishe mtu katika kile tu ambacho uko tayari kumpa. Na mgeni asiyejua kukataa, muulize kwanza anakwenda wapi.

Mungu akulinde njiani, uendako na urudiko. Akupe wenzako wa kweli wa safari, na akufikishe nyumbani kwako ukiwa mzima, wewe na wale tu uliotoka nao. Amina.